Kabla hujapokea funguo za semi

Mzee wa Ushauri,

Mimi ni kijana wa miaka 29, naishi Mbagala na mke wangu na mtoto wa miezi minne. Nilianza kama utingo wa Fuso la mchanga, baadaye bosi akaniamini akanipa kiti, nikasomba mchanga na kokoto mpaka mwaka jana. Nikajikusanya, nikaenda kusoma kozi ya magari makubwa pale chuo cha usafirishaji, NIT, na sasa leseni yangu ina daraja E. Mwezi huu nimeitwa na kampuni moja ya usafirishaji. Wana semi nyingi, wanapeleka mizigo Kongo, Lubumbashi mpaka Kolwezi, na wanarudi na shaba.

Majaribio ya barabarani nimepita. Sasa wanataka nipeleke wadhamini wawili, niache leseni halisi na pasipoti ofisini, na mkataba wanasema utakuja baadaye, kwanza wanione. Mshahara waliotaja ni mdogo kuliko nilichokuwa napata kwenye mchanga, ila wanasema pesa iko kwenye mileji. Nilipomuuliza dereva mmoja mkongwe pale getini kuhusu mshahara alicheka sana, akaniambia mshahara wa dereva uko kwenye tangi. Nilielewa anachomaanisha, na sikupenda.

Mzee, naomba unieleze ukweli, nitegemee nini? Mke wangu anaogopa Kongo. Mimi Kongo siiogopi, naogopa kurudi nikiwa nadaiwa. Halafu nina mdogo wangu amemaliza kidato cha nne, yuko tu nyumbani. Je, naweza kumchukua awe utingo wangu?

Dereva Mpya, Mbagala

*

Hongera, kijana wangu. Wengi wanaoanzia utingo wanaishia hapo hapo.

Hofu yako ya kudaiwa iko mahali pake, na ndiyo nitakayoishika. Nimefanya kazi miaka mingi kwenye ofisi za usafirishaji, upande wa ndani wa lile dirisha ambalo madereva huchukulia pesa za safari. Waliofukuzwa kwa kutojua kuendesha nawakumbuka wachache. Waliobaki wote waliondoka kwa sababu kuna kitu kilipungua: lita za dizeli, mifuko kwenye mzigo, tairi la spea lililotoka jipya likarudi kipara, namba ya sili isiyofanana na iliyoandikwa, risiti ambazo hazikufika. Wewe umejiandaa kuendesha. Wao wanajiandaa kukukabidhi kichwa, tela, mafuta na mali ya mtu mwingine, wakitarajia kila kimoja kirudi au kifike kama kilivyoandikwa. Ukilijua hilo tangu sasa, mengi watakayokufanyia miezi ya mwanzo hayatakuudhi. Watakupigia simu usiku kuuliza mbona umesimama dakika arobaini Mdaula. Watakufuatilia kwenye GPS. Watakupanga kwanza kazi za mjini, kutoa kontena bandarini kupeleka bandari kavu, au watakupandisha na dereva mwingine safari ya kwanza ukae kiti cha pembeni. Usione umedharauliwa. Dereva mwenye akili hutumia siku hizo kujifunza jambo moja ambalo chuo hakifundishi: kampuni hii inaandika nini, wapi, na nani anasaini.

Sasa mkataba. "Utakuja baadaye" ni wimbo wa zamani kwenye biashara hii. Madereva walipogoma Aprili 2015 hoja mojawapo ilikuwa hiyo hiyo ya mikataba, na barua kama yako bado zinanijia. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri akupe kwa maandishi kazi yako ni ipi, unafanyia wapi, saa zako, mshahara wako na namna unavyokokotolewa. Na mtu anayepelekwa kufanya kazi nje ya Tanzania, mkataba wake unatakiwa uwe wa maandishi. Kolwezi haiko Tanzania. Kusema uko kwenye majaribio hakubadilishi kitu, kwa sababu kipindi cha majaribio chenyewe huandikwa ndani ya mkataba.

Nikueleze na upande usiopendeza. Kinga ya sheria hiyo dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki haimgusi mfanyakazi ambaye hajatimiza miezi 6 kwa mwajiri huyo. Kwa hiyo nusu mwaka wa kwanza ndio wakati ambao wanaweza kukuacha kwa urahisi kuliko wakati mwingine wowote, na ndio wakati huo huo ambao huna karatasi. Iko faraja kidogo: shauri likifika kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi na mwajiri akashindwa kutoa mkataba wa maandishi, yeye ndiye anayebeba jukumu la kuthibitisha masharti mliyokubaliana. Lakini huendi kazini ili ushinde kesi, unaenda upate riziki. Kwa hiyo omba kwa adabu na kwa ujanja. Usiingie ofisini na vifungu vya sheria mdomoni kama mkaguzi. Mwambie anayeshughulikia ajira, "Dada, mdhamini wangu amekataa kusaini mpaka aone barua inayosema nimeajiriwa kama nani, kwa mshahara gani, na mileji inahesabiwaje." Sababu ya mdhamini haimuudhi mtu, na mara nyingi barua hupatikana siku hiyo hiyo. Wakikataa hata barua ya ukurasa mmoja, hiyo ni taarifa tosha kuhusu watakavyokulipa.

Wadhamini wenyewe ni jambo la kawaida, usilikatae. Ila soma fomu wanayosaini. Ikiwa na nafasi wazi ya kujaza kiasi cha fedha, pigeni mstari pale kabla ya sahihi. Na ukiwekewa karatasi nyeupe uweke sahihi chini, "tutaijaza ikitokea shida," simama uondoke. Hilo halina mjadala.

Leseni halisi usiiache. Trafiki akikusimamisha Chalinze hatapokea maelezo kwamba iko ofisini. Wape kivuli, waone na halisi, uirudishe mfukoni. Pasipoti inaweza kuhitajika kwa siku chache kushughulikia vibali. Wape, lakini uandikiwe kwamba wameipokea, tarehe gani, na utaichukua lini.

Tuje kwenye fedha, maana hapa ndipo madereva wapya huchanganyikiwa. Utakuwa na mafungu matatu na lazima uyatenge kichwani. La kwanza ni mshahara. La pili ni mileji, au posho ya safari kama wanavyoiita wengine, ambayo kampuni nyingine huhesabu kwa kilomita na nyingine kwa safari nzima, na wengi hawailipi yote siku ya kuondoka. Hubakiza sehemu mpaka urudi na karatasi za kupokelewa mzigo na kontena tupu likabidhiwe. La tatu ni pesa ya njia: vituo vya tozo vya Zambia, maegesho, ushuru, pancha. Hili la tatu si lako hata shilingi. Utaliona nene mfukoni siku ya kwanza, na litakudanganya. Dereva anayemtumia mkewe laki moja kutoka fungu la tatu akiwa Makambako, akitegemea ataifidia akirudi, ndiye ninayemkuta dirishani anakatwa miezi miwili mfululizo. Kila risiti ipige picha siku hiyo hiyo, kwa sababu karatasi za mashine zile hufifia zikikaa juani kwenye dashibodi, na mhasibu hawezi kusoma karatasi nyeupe.

Kuhusu mshahara mdogo na mileji kubwa, wapo watakaokuambia usijali kwa sababu pesa ni pesa. Mimi najali. Michango ya NSSF, malipo ya likizo na mafao ukiacha kazi kwa kawaida huhesabiwa kwenye mshahara ulioandikwa. NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, na wewe hukatwi zaidi ya 10. Asilimia 20 ya mshahara mwembamba ni nyembamba. Na siku ukivunjika mguu ukalala miezi mitatu, mileji inakoma siku hiyo hiyo gari liliposimama. Kwa hiyo kama una nafasi ya kujadiliana jambo moja tu, usijadiliane mileji. Jadiliana mshahara, na uhakikishe haupo chini ya kima cha chini cha sekta ya usafirishaji kilichotangazwa na serikali.

Swali la pili la fedha ambalo wapya hawaulizi: siku za kusubiri. Gari lisipotembea hakuna kilomita, lakini tumbo linatembea. Foleni ya Tunduma unaweza kuivuka haraka au ukakaa. Ya Kasumbalesa inaweza kukulaza siku kadhaa upande wa Zambia, magari yamejipanga kurudi nyuma kuelekea Chililabombwe, halafu ufike mgodini ukute foleni nyingine ya kushusha. Uliza kabla ya kusaini: posho ya kusubiri inaanza siku ya ngapi, na inatumwa kwa njia gani nikiwa Kongo? Ukijibiwa "tutaangalia", jua jibu ni hakuna.

Na makato. Haya yaandike moyoni. Mwajiri anaruhusiwa kukukata kwa hasara au uharibifu, lakini sheria imemwekea masharti: hasara iwe imetokea ukiwa kazini na kwa kosa lako, akueleze kwa maandishi sababu, kiasi na namna alivyokipata, akupe nafasi ya kupinga, asidai zaidi ya hasara halisi, na makato hayo yasivuke robo ya ujira wako. Kwa hiyo tairi likipasuka kwa sababu lilikuwa limekwisha tangu unatoka yadini, hilo si deni lako. Swali linabaki moja tu: utathibitishaje kwamba lilikuwa limekwisha?

Utathibitisha getini, kabla hujawasha gari. Hapa nikuombe usione aibu. Mlinzi atakuharakisha, msimamizi atakuambia meli inasubiri. Zunguka gari lako taratibu. Tairi lina namba iliyochongwa ubavuni. Ziandike zote, pamoja na za spea, au zipige picha moja moja. Piga picha kashata za tairi zionekane kina chake. Washa gari, upepo ujae, zima, ukae kimya usikilize: ukisikia mluzi chini ya tela, kuna paipu ya breki inavuja, na mshale wa upepo utashuka ukiutazama. Angalia loki nne za kontena kwamba zimezungushwa zikafunga. Tazama sili, usome namba kwa sauti mbele ya mtu wa ofisi, uilinganishe na iliyoko kwenye karatasi za forodha tarakimu kwa tarakimu. Pima mafuta yaliyomo, uandike. Hesabu turubai, minyororo, jeki, spana, pembetatu za tahadhari, mtungi wa kuzimia moto na tarehe yake. Kisha tuma picha hizo kwa msimamizi kwenye simu yake saa hiyo hiyo, pamoja na ujumbe mfupi: "Gari nimelipokea hivi." Usibaki nazo kwenye simu yako peke yake, simu huibiwa. Nimewahi kuwa upande ulioletewa picha za namna hiyo, na nakuhakikishia mjadala wa kumkata dereva uliishia pale pale.

Ukirudi fanya vivyo hivyo, hata kama ni saa nane usiku na umechoka. Wengi hutupa funguo dirishani wakakimbilia nyumbani, asubuhi mwingine akaegesha vibaya, kioo kikavunjika.

Sasa yule mkongwe na tangi lake. Anachosema si uongo kwamba kinatendeka. Wanunuzi wa dizeli wapo kando ya barabara na madumu yao, na wanajua gari geni kwa kulitazama. Lakini enzi aliyojifunzia yeye imepita. Kampuni zinajua kwa safari hiyo, kwa uzito huo, gari linakula lita ngapi. Matangi mengi yana vipimo vinavyotuma taarifa ofisini, na mafuta yakishuka ghafla gari likiwa limesimama, kuna mtu anaona kwenye skrini. Wewe mgeni huna jina la kukutetea. Yeye akikamatwa ataitwa mzee aliyeteleza, wewe utaitwa mwizi, utapelekwa polisi, na wale wadhamini wawili wataletwa wakae kwenye benchi. Kama ungependa mafuta yakuingizie kitu kihalali, uliza kama kampuni ina bonasi kwa anayebakiza. Zipo zinazolipa.

Barabarani kuna mambo ambayo Fuso halikukufundisha, na la kwanza ni mizani. Kwenye mchanga mlizoea kupakia mpaka springi zinyooke. Huku kutoka Dar es Salaam mpaka mpakani utapita Vigwaza, Mikese, Mikumi, Wenda, Makambako, Uyole na Mpemba, na kote unapimwa. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari, ya 2016, imeweka kikomo cha tani 56, na vijana huishika namba hiyo kama dua. Tani 56 ni za gari lenye ekseli 7. Semi yenye ekseli 6, ya aina utakayopewa, hesabu yake ni tani 8 mbele, 18 kwa ekseli mbili za nyuma za kichwa, na 24 kwa ekseli tatu za tela. Jumla 50. Na jumla hiyo haikuokoi peke yake. Nimeshika tiketi za mizani ambazo jumla iko sawa kabisa lakini gari limewekwa pembeni, kwa kuwa mzigo ulipangwa mbele mno ukalalia ekseli za kichwa. Hapo utalipishwa, na mzigo upangwe upya kabla hujaondoka. Kwa hiyo wakati wa kupakia usiende kunywa chai. Simama hapo. Ukiona wanarundika mbele, sema mapema, na wakikaidi mpigie msimamizi ili iwe imeandikwa kwamba ulisema. Kontena lenye sili hutaliona ndani, lakini namba za mizani ya kwanza zitakuambia. Vigwaza ikionyesha umebakiza kidogo sana kwenye kundi moja la ekseli, toa taarifa ofisini ukiwa bado karibu na mji.

Shaba ya kurudia ina tabia yake. Ni nzito na haichukui nafasi: mafurushi machache yanamaliza uzito wako huku tela likionekana karibu tupu. Yakifungwa ovyo yatateleza kwenye kona, na tani kadhaa zikihama upande mmoja hakuna usukani utakaokusaidia. Kaza minyororo, tembea mwendo mfupi, simama, ukaze tena, kwa sababu mzigo ukishatikiswa hukaa na kuacha ulegevu.

Ndiyo maana nakuambia Mlima Kitonga uuogope ukirudi kuliko ukienda. Ukienda unaupanda, kosa lako litakuwa kukwama na kuziba njia. Ukirudi unashuka kuelekea Ruaha Mbuyuni ukiwa na shaba mgongoni. Gia ya kushukia ichague ukiwa bado juu, tumia breki ya injini, na breki za miguu zibaki za kugusa tu. Ukisikia harufu ya kuungua, umeshachelewa kidogo. Simama mahali salama zipoe, usizimwagie maji. Mbeya nako, miteremko ya Inyala na Iwambi imeua watu wengi kwa malori yaliyokosa breki. Utakutana na madereva wanaoshusha na frii wakisema wanaokoa mafuta. Hata hesabu yao ni mbovu: injini za siku hizi zikishuka zikiwa kwenye gia, mguu ukiwa umetoka kwenye mafuta, hukata dizeli zenyewe. Kwenye frii injini inaendelea kunywa ili isizimike. Kwa hiyo wanajiua bila hata kubakiza lita.

Ndani ya Hifadhi ya Mikumi, ambako barabara inakatiza kwa kilomita kama 50, punguza mwendo hata kama nyuma yako wanakupigia honi. Mnyama ukimgonga unalipishwa kwa dola, na kampuni itataka kujua ulikuwa unakimbia kiasi gani, GPS itawaambia. Nje ya makazi kikomo cha lori ni kilomita 80 kwa saa, kwenye makazi 50, na trafiki wa vijijini hupenda kukaa pale kibao kinapobadilika.

Usingizi. Sheria ya ajira inataja saa 45 kwa wiki, saa 9 kwa siku, na hata ukiongeza za ziada kwa makubaliano usipite 12 kwa siku. Kazi ya masafa marefu huibana sheria hiyo kila siku, hilo sitakuficha. Msimamizi akikupigia kukuambia uendelee usiku na macho yamekwisha, usibishane kwa simu. Mwandikie ujumbe: "Nimechoka, si salama, nalala Ipogolo, naondoka saa kumi na moja alfajiri." Sijaona msimamizi akijibu ujumbe wa hivyo kwa maandishi kwamba usilale. Mirungi ni marufuku nchini mwetu, na vile vidonge wanavyouziana vya kukesha vinakufumbua macho huku kichwa kimelala.

Mpakani utamkuta wakala wa forodha ndiye mwenye karatasi, nawe ndiye mwenye gari, na kila mmoja humlaumu mwenzake. Kazi yako pale ni ndogo: karatasi ulizopewa zisitoke mikononi bila kupigwa picha, na sili isiguswe na mtu yeyote bila afisa anayehusika kuwepo. Ikikatika kwa bahati mbaya, usitafute waya ukaifunga. Simama, piga picha, toa taarifa ofisini na kwa mamlaka iliyo karibu, uandikiwe. Hakikisha pia unayo kadi ya bima ya njano ya COMESA na kadi ya chanjo ya homa ya manjano kabla hujatoka Dar.

Mwambie mama mtoto kwamba hofu yake ya Kongo si ya bure, ila si ya kuzuia safari. Madereva wetu wameshaporwa huko na wapo walioumizwa. Wanaopata tabu mara nyingi ni wale waliolala peke yao kando ya barabara, au waliobaki nyuma ya wenzao. Tembea na gari za kampuni yako, egesha kwenye maegesho ya kulipia, usiku usifungue mlango kwa sababu mtu kakugongea akidai tairi lako limepasuka. Usirushe picha za mzigo kwenye magrupu ya WhatsApp, maana hujui nani yumo. Lugha haitakusumbua, Kiswahili cha Lubumbashi kitakuchekesha siku mbili, siku ya tatu utajikuta unakizungumza.

Na kwa kuwa mkeo huenda atakusomea barua hii, niseme hili waziwazi. Vituo vya malori vina upweke, bia na watu wanaojua siku yako ya mileji. Kama mna mazungumzo ya kufanya kuhusu uaminifu, kupima afya na kinga, yafanyeni sasa mkiwa sebuleni. Mshahara uingie benki, na mpange kabisa kiasi kinachokwenda kwake kila mwezi bila kusubiri urudi, maana mtoto wa miezi minne hajui foleni ya Kasumbalesa.

Ukipata ajali, ukaumia, pata fomu ya polisi, PF3, na uhakikishe ofisi imearifiwa kwa maandishi siku hiyo, hata kwa ujumbe wa simu. Mwajiri anapaswa kuutaarifu Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ndani ya siku 7, na mchango wa mfuko huo anautoa yeye. Ukiona umekatwa kwenye mshahara wako kwa jina la mfuko huo, uliza. Usikubali kusaini maelezo yoyote ukiwa kitandani huku kichwa kinauma. Na mkigombana mpaka mkaachana, kumbuka saa inahesabu: malalamiko ya kuachishwa kazi hupelekwa kwenye Tume ndani ya siku 30, na madai mengine, kama mishahara na mileji isiyolipwa, ndani ya siku 60. Nimepokea barua nyingi za watu waliokuwa na haki wakaja mwezi wa tano.

Mdogo wako usimchukue. Kampuni nyingi hazitaki utingo siku hizi, na zinazokubali humwandikisha zenyewe. Mtu asiyeandikwa akiumia ndani ya gari lako, bima itageuka na wewe ndiye utakayejibu kwa wazazi wenu. Ukishazoeleka pale yadini, baada ya safari kadhaa, muulize fundi mkuu kama gereji inachukua kijana wa kujifunza. Madereva hupunguzwa biashara ikilegea; anayejua kufungua breki za tela na kuzirudisha hutafutwa hata na kampuni ya jirani. Wakati anasubiri, aende VETA aulize ada ya ufundi wa magari makubwa, na nauli ya kwenda huko umpe wewe, kutoka fungu la kwanza.